Miguu ya Devota

Jumatatu, 6 Machi
Kliniki ya wajawazito. Mabenchi yamejaa, wengine wamesimama barazani mvua ikiwanyeshea. Niko muuguzi peke yangu tangu mganga wa zahanati ahamishiwe Kasulu. Mashine ya presha mbovu. Barua yangu ya tatu kwa wilaya haijajibiwa.

Devota, mimba ya miezi minane. Miguu imevimba, nikiibonyeza, kishimo kinabaki. Kichwa kinamuuma. Nimemwandikia rufaa, aende hospitali Kibondo leo leo.

"Nimalize kupanda maharage, sista. Wiki ijayo nitakwenda."

Watu walikuwa wengi. Nikamwacha aende nyumbani.

Jumatano, 8 Machi
Dawa za malaria za watoto zimeisha. Nimechoka kusema hakuna. Nimemfikiria Devota. Sijamtuma mtu kumwangalia.

Ijumaa, 10 Machi
Devota kaletwa asubuhi kwa machela. Wanaume wanne, mumewe Ndayizeye mbele. Mwili mzima unatingishika, macho yamegeuka. Kifafa cha mimba. Nilimchoma dozi moja ya dawa ya degedege iliyokuwepo. Nikapiga simu. Gari la wagonjwa limekwama kwenye tope, njia ya Busunzu.

Saa sita akajifungua. Wa kike, analia vizuri. Degedege likarudi. Saa nane Devota akakata roho, mkono wake ndani ya wangu.

Gari lilifika saa kumi.

Jumamosi, 11 Machi
Wamemzika. Sikwenda. Niliogopa macho ya watu. Jumatatu ile ningemwita mumewe. Ningemkatalia Devota kuondoka. Sikufanya. Najichukia.

Jumanne, 14 Machi
Wilayani wanataka taarifa ya kifo. Kwenye sababu niliandika: mgonjwa alichelewa. Nikayakata maneno hayo. Nikaandika mashine mbovu, muuguzi mmoja, na kwamba nilimwona amevimba nikamwacha aende. Wanifanye watakavyo. Hakuna kitakachobadilika.

Jumatatu, 20 Machi
Ndayizeye amekuja na mtoto. Amekaa foleni na kina mama, mwanamume pekee. Nilijiandaa kutukanwa.

"Sista, nionyeshe kumnywesha maziwa kwa kikombe. Anapaliwa."

Nikamwonyesha. Mikono yake ya jembe ikashika kikombe. Mara ya tatu mtoto akameza.

"Murakoze," akasema. Asante ya lugha ya kwao. 

Akamfunika mtoto kwa koti. Nilisimama mlangoni mpaka wakapotea kwenye kona ya migomba.