Muntu wa Juu ya Mulingoti

Mujukulu wangu Solange,

Pokea jambo ya huku kwetu Panda, Likasi. Mama yako anaimba tena mu korali, na minye magoti inauma tu siku ya mvua.

Unaniuliza kama huko Brussels ni kitu ya haya kusalimia majirani benye kupita ku ngazi bila kukuangalia. Sikia. Zamani, wakati kompani ya migodi ilinituma kule kule Ubelgiji, ku Anvers, kujifunza kuunga vyuma, siku moja ya Mungu tulienda na benzangu ku bandari, ku sikukuu ya mashua kubwa za matanga. Bantu banapanda tu mu mashua, banapiga foto, habasalimie mutu. Shiye, mu abakosi zetu, makoti na mashati ya kupiga pasi, tukajiuliza: utaingia kwa bantu namna gani bila kusalimia? Tukapana mukono na kila mubaharia: "Bonjour, habari ya bibi, habari ya batoto?" Nyuma yetu bantu benye kungoja kupanda bakaanza kununa, lakini babaharia banacheka, bakatupa kahawa.

Mumoja alikuwa juu kabisa ya mulingoti, anafunga kamba. Nikamupungia tu. Akashuka mulingoti yote ile, jasho inamutoka, akanipa mukono, kisha akapanda tena.

Solange, jirani yako iko tu nyuma ya mulango. Gonga.

Kambo yako mwenye kukupenda,
Ilunga