Gari la Kulala Unalotaka Kununua

Mvumi, Chamwino,
Dodoma.
9 Julai, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Denis,

Mbukwa, kama tunavyosalimiana huku kwetu. Shikamoo yako nimeiitikia, marahaba. Hujambo wewe? Devota kifua kimemwacha? Watoto wanakula? Sisi tunapumua. Baridi ya mwezi huu imetukaba, na mtama umetoka haba. Mama anakula kidogo sana siku hizi, lakini akisikia jina lako anainuka kuketi.

Ujumbe wako na picha nimevipata. Unasema umeona gari kuukuu la dizeli huko Arusha, lenye vitanda, jiko na tanki la maji ndani, unataka kubebea watalii wanaolala njiani. Tena wewe, Devota na watoto mtalileta wenyewe mpaka kwenu Songea. Umeniuliza cha kuangalia kwa sababu mimi na marehemu Elisha tuliwahi kuwa nalo la namna hiyo. Nimeshindwa kukupigia, na haya hayaenei kwenye ujumbe wa simu. Uwesu, jirani yetu anayekuja huko kwenu na mzigo wa alizeti, atakukabidhi barua hii mkononi.

Haya. Kwanza, nenda bila kutoa taarifa. Muuzaji akijua unakuja ataliwasha mapema, nawe utasifu injini inayowaka kwa mara moja. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, omba chai, subiri ipoe, hata akinuna. Likiwashwa, simama nyuma utazame moshi. Mweusi kidogo mwanzoni si neno. Mweupe usiokatika, au wa bluu, jiondokee. Chomoa kile kijiti cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameingia kwenye injini.

Ndani inua magodoro, bonyeza mbao kwa kidole. Zikibonyea, paa linavuja, na pafyumu waliyopulizia isikudanganye. Mpira wa gesi upake maji ya sabuni. Yakitoa mapovu, mtalala na kifo humo ndani.

Hayo yote Elisha aliyafanya. Usije ukadhani shemeji yako aliingia kichwa kichwa. Lile gari mtafiti mmoja mgeni aliliacha juani miaka mingi, jirani na ukumbi wa Chimwaga. Elisha alishinda chini yake akigonga vyuma kwa nyundo, asione kutu hata ya dawa. Alitoka na vumbi mpaka kwenye kope, anacheka, akaniambia, "Raheli, gari lililokaa Dodoma haliozi."

Kweli, chuma hakikuoza. Lakini jua letu linakula mpira, Denis. Tairi zilikuwa na meno marefu kama mpya, maana gari halikuwa likitembea, na sote tukazisifu. Hakuna aliyesoma tarakimu nne zilizochongwa ubavuni. Mbili za mwisho ndizo mwaka wa kutengenezwa. Askari wa barabarani alinionyesha baadaye, na tairi zile zilimzidi Anna wangu umri.

Tena tulilijaribu likiwa tupu. Siku ya safari tulijaza tanki la maji na mizigo, tukashika njia ya Mtera. Kwenye mteremko tairi ya mbele ikapasuka, gari likalala ubavu. Elisha alikata roho kabla hatujapata wa kutufikisha hospitali. Anna alikuwa kitandani kule nyuma. Mkono wake mpaka leo haunyooki. Msibani hukuweza kuja, na mimi sijawahi kukueleza hivi.

Kwa hiyo soma kila tairi, na ya akiba pia. Pinda mipira ya breki utafute nyufa. Lijaribu likiwa limejaa maji, mlimani.

Sasa nirudi kwenye picha zako. Nimeanza na mengine kwa kuwa hili limenishinda kuandika tangu juzi. Gari letu tuliliuza kama chuma chakavu, na mnunuzi aliniapia kwamba atalikatakata. Letu lilikuwa jeupe, hilo ni la kijani, na namba wameifunika kwa karatasi, nami sikushtuka. Anna ndiye aliyeichukua simu. Aliitazama picha ya ndani kwa muda mrefu, kisha akaniwekea mapajani.

"Mama," akasema, "hiki kitanda changu."

Nikatazama. Mapazia ya njano yenye pindo la kitenge niliyashona mimi. Mlango mmoja wa kabati ni mwekundu kwa sababu Elisha aliishiwa mbao, akaweka mninga. Ni lilelile, Denis. Wamelinyoosha, wamelipaka rangi, wanakuuzia wewe.

Usilinunue. Kama mmeshakubaliana, vunja, unilaumu mimi. Ukipata lingine, fuata niliyokuandikia. Hilo hapana.

Msalimie sana Devota, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, na Hamida jirani pia anakuulizia. Anna anasema shikamoo mjomba. Mungu aliyemwachia pumzi huyu mtoto awafunike na ninyi mnapolala na mnaposafiri.

Dada yako akupendaye, asiyetaka kuzika tena,

Raheli