Maziwa ya Wambua

Jumatatu, 3 Julai 2006
Baridi! Kinoo, huku ninakokaa, yote ni ukungu. Nimefika Parklands vidole vimekufa.

Kazi ni ile ya ukuta wa nyuma. Mawe, mchanga, simiti. Lakini kwanza kahawa. Kila asubuhi Mzee Shantilal, mwenye nyumba, ananiita jikoni nimvutie mashine. Ni ya zamani hiyo, ilikuwa ya hoteli yake huko mjini, tao. Alipofunga hoteli akaibeba nyumbani. Chuma tupu, na mpini mrefu kama wa jeki ya lori. Unavuta chini, springi inajikaza. Unauachilia, unapanda pole pole wenyewe, unasukuma maji moto ndani ya kahawa. Mkono wa mzee umeisha nguvu. Wangu bado.

Mimi navuta, Ndanu anapiga maziwa mvuke. Ndanu ndiye mpishi hapa. Anaweka lile bomba la mvuke juu juu tu ya maziwa, inalia kama kitambaa kikipasuliwa. Halafu anazamisha, inanyamaza. Maziwa inapanda, laini. Ile inabaki kwa jagi ananipa mimi.

"Shika, baba Mbithi. Upate joto."

Ni dakika kidogo tu. Lakini tangu mke wangu, mama Mbithi, afe, hakuna mtu mwingine huniuliza kama nasikia baridi.

Jumanne, 4 Julai
Sejal, bibi ya kijana wa mzee, ameona viatu vyangu. Ati simiti jikoni yake, hapana. Ati Wambua si anakaa tu kwa gari akingoja kutumwa, mbona yeye asivute hiyo mashine? Mzee akasema sawa. Akaniambia, mfundishe, Mutiso. Mfundishe yote.

Wambua ni dereva mpya. Kijana. Shati nyeupe kila siku — nani anamfulia? Meno mazuri, na anajua.

Nimesema sawa, mzee. Ningesema nini?

Jumatano, 5 Julai
Nimemfundisha. Kuweka kahawa kwa kile kikombe cha chuma cha mashine, kuishindilia, kukifunga kwa mashine, kuvuta, kuachilia. Ameshika haraka. Ananiita budaa, ati mimi ni mzee.

"Budaa, kumbe ni hii tu! Nilidhani ni kazi."

Ndanu amecheka. Si kidogo.

Kuna kitu moja sijamwambia. Kama kahawa haimo ndani, huo mpini hauachiliwi. Hakuna kitu ya kuuzuia, unaruka juu kama punda akipiga teke. Unaupandisha na mkono mpaka mwisho. Mzee aliniambia hiyo siku ya kwanza, kabla hata sijaigusa mashine.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie. Halafu Ndanu akamshikia kikombe cha kukingia kahawa. Mimi sijawahi kushikiwa kikombe. Nikafunga mdomo.

Nitamwambia kesho.

Ijumaa, 7 Julai
Sijamwambia. Sikuitwa jikoni jana, leo pia. Nachanganya simiti chini ya dirisha na nawasikia. Kumbe wote ni watu wa Kitui! Wanaongea mambo ya Mutomo, nani ameolewa, nani aliuziwa mbuzi mgonjwa. Kicheko. Mimi wa Machakos hao mbuzi nitawajulia wapi?

Kikombe changu kimeletwa nje. Chai, si kahawa. Imelala mpaka imeshika ngozi juu. Ndanu ameniuliza, ukuta unaendelea? Ukuta!

Bomba ililia muda mrefu sana leo. Maziwa ikipigwa hivyo inaungua. Alikuwa anaangalia nini?

Jumamosi, 8 Julai
Imetokea.

Nilikuwa kwa ukuta. Nikasikia pa! — kama geti imegongwa na gari. Halafu Ndanu akapiga nduru. Nikaingia na simiti yangu yote. Wambua ako chini, shati nyeupe imekuwa nyekundu.

Alitaka kukipasha kile kikombe cha chuma joto kabla ya kutia kahawa. Kitupu. Akavuta, akauachilia, vile tu nilimfundisha. Akainama kumwambia Ndanu kitu. Mpini ukampata mdomoni.

Jino moja la mbele, hakuna. Mdomo umepasuka.

Mimi ndiye nilimbeba mpaka kwa gari. Sejal akaendesha kwenda hospitali. Nikamshika kichwa huko nyuma. Anajaribu kuongea na kitambaa mdomoni. "Asante, budaa."

Asante!

Nilitaka nini mimi? Nilitaka imtishe. Aogope, aiache, nirudi. Si jino. Haki ya Mungu, si jino.

Jumapili, 9 Julai
Sikuenda kanisa. Vijana wa ploti ninapokaa wanangoja fainali ya Kombe la Dunia, kelele tupu. Nimepika ugali nikauangalia.

Jumatatu, 10 Julai
Nimerudishwa jikoni. Sejal mwenyewe: "Mutiso, acha viatu nje, uingie." Hayo maneno nilikuwa nimeyangoja wiki nzima.

Nikavuta. Ndanu akapiga maziwa. Imetoka nzuri, haina mapovu makubwa, inang'aa kama rangi mbichi. Nikanyoosha mkono.

"Hapana, baba Mbithi. Hii ni ya Wambua. Hawezi kutafuna."

Akamimina kwa kikombe cha wageni. Sukari. Halafu akapuliza. Akapuliza! Akampelekea huko nyuma kwa chumba anacholala dereva. Niliosha mashine peke yangu, nikakausha peke yangu, Ndanu bado ako huko.

Juzi nilikuwa naona wivu ya shati. Leo naona wivu ya mdomo uliopasuka. Mimi ni mtu wa aina gani?

Jumanne, 11 Julai
Kikombe cha wageni tena.

Jumatano, 12 Julai
Ndanu ameniuliza.

Mzee amemwambia hapa hakuna mtu hugusa hiyo mashine kabla ya kuambiwa habari ya mpini. Sasa ameniangalia, jagi mkononi. "Wewe ulimwambia?"

Nikasema nilimwambia. Nikasema hakusikia, hawa vijana hawasikii.

Akapangusa bomba na kitambaa, pole pole, mpaka ikang'aa. Halafu akasema, "Basi kesho nitawauliza wote wawili. Pamoja."

Ningekuwa nimesema tu! Pale pale, Jumatano ile, maneno machache. Sasa nimeongeza uongo juu yake, kama jiwe juu ya jiwe bovu.

Ndanu akijua, mzee atajua. Kazi imeisha. Lakini si kazi naogopa. Naogopa vile Ndanu ataniangalia.

Alhamisi, 13 Julai
Nimefika mapema, niko nje kwa mawe. Naandika hapa hapa kwa sababu siwezi kukaa bure.

Wambua amekuja kwangu kwanza. Mdomo bado umevimba, anaongea kama mtoto anayeanza.

"Budaa. Huyu Ndanu anataka kutuuliza. Nitasema uliniambia."

Nikamwambia, sikukuambia.

"Si najua! Si nilikuwa pale?" Akacheka, ikamuuma, akashika mdomo. "Hata mimi, ningekuwa wewe… Wacha tu. Ukifukuzwa Ndanu atalia sana. Husema wewe ni kama baba yake."

Kama baba! Niko na miaka arobaini na tatu, si sabini!

Alijua. Tangu hospitali alijua, na akanyamaza, na akakunywa maziwa yake. Sasa ananipa uongo kama mtu anampa mwingine koti ya baridi. Nikiichukua, nitabaki jikoni, nitavuta, na kila asubuhi nitajua ni yeye ameniweka hapo. Nikikataa, Ndanu atampulizia maziwa mpaka jino liote tena, na mimi nitaonyeshwa geti.

Ningependa awe mtu mbaya. Hata kidogo. Ingekuwa rahisi.

Ndanu amefungua mlango wa jikoni. Anatuita. Wambua ametangulia, amesimama hapo, amenigeukia.

"Budaa, tunasema vile tumesema?"

Tumesema? Ni yeye amesema. Mimi sijasema kitu. Mbele ya Ndanu sijasema kweli tangu Jumatano ile.

Ndanu anaita tena. Sasa ni jina langu peke yake —