Kiboksi Kisichoguswa na Mkono

Kangundo, Machakos
23 Novemba 2003

Kwa mwanangu Muindi,

Pokea salamu za baba yako. Mimi niko mzima, ni magoti tu yanalalamika na sijayasikiliza. Natumaini wewe na Linet na watoto mko salama huko Nairobi. Huku mvua imenyesha vizuri na mbuzi amezaa mapacha. Barua hii nimeandika kwa mkono wangu, mimi wa darasa la tatu, kwa hivyo usicheke.

Unajua nilikuwa nasimama uchaguzi wa kamati ya sosaiti ya kahawa, nimtoe Wathome. Hakuna mkulima wa kunishinda hapa, hata adui zangu wanajua. Basi Jumatatu nikaenda ofisini kuandikisha jina. Mueni, yule karani, akafungua ile kompyuta uliyotupangia. Nikaona majina yamepangwa kwa mistari, kila jina na kiboksi chake. Wenye tiki ndio wanachama hai, ndio wanapiga kura na kupigiwa. Changu kilikuwa kitupu.

Nikamwambia akitie tiki. Akabonyeza mara tatu nijionee, kikakataa. Akasema kiboksi hakijazwi na mtu, eti wewe uliambia kompyuta itazame kilo za msimu huu, na kama namba ya mtu imeleta kahawa, kinajitia tiki chenyewe. Nikauliza hiyo kompyuta imelima wapi. Wathome alikuwa mlangoni, akasema, "Mzee Kilonzo, hata mashine imekukana." Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba kahawa yake hupimwa na majani ndani, ndiyo maana kilo zake nyingi.

Mueni hakucheka. Alishuka na kidole mpaka jina lingine, akaniangalia. Hapo kulikuwa na tiki.

Sasa nikuambie jambo sijaambia mtu. Tangu tumzike mama yako, miaka miwili hii, kahawa yote nimepeleka kwa kadi yake. Miti ile alipanda yeye. Habari ya kifo sikupeleka ofisini. Nikifika kwenye mizani, mpimaji anaita, "Wanza Kilonzo," na mimi naitika.

Mueni alisema kwa upole kwamba anaweza kuhamisha kilo kwa namba yangu siku hiyo hiyo, bora tu nitie sahihi fomu ya kwamba mama yako amekufa, jina litolewe. Nikarudisha kalamu mezani. Wathome akae na kiti chake.

Nasikia unakuja Desemba kusafisha orodha. Wewe mwenyewe ndiye uliweka sheria kwamba aliyeleta kahawa ni hai. Mama yako ameleta kilo mia nane na arobaini. Usimguse. Wakikuuliza, sema baba ni mbishi, Kangundo nzima itakuwa shahidi wako.

Dada yako Ndinda anawasalimu sana. Mkija, leteni sukari na betri za redio.

Ni mimi baba yako, na akili zangu timamu,
Kilonzo Mutiso