Nilianika Ndagala Ili Uso Wako Upone

Mupwa wangu Riziki, mwana wa dada yangu, wewe uliye kule Kongolo na chaki mukononi,

Barua hii siifungi. Nimemuambia anayekuletea: muntu akitaka kuisoma njiani, asome. Maana hapa Kalemie wameanza kuharibu hadithi yetu. Mumoja anasema uso wako ulipona kwa ndimu, mwingine anasema kwa maji ya ziwa ya alfajiri. Hapana! Aliyekuwapo njo mimi, na aliyeungua jua njo mimi. Basi acha niseme mimi.

Unakumbuka wakati ule kitenge kilikuwa hakitoki usoni mwako? Chunusi za ujana watu wanazisamehe. Lakini wewe ulikuwa muntu muzima, umekwisha kumaliza masomo ya ualimu, na bado zilikuwa zinaota kwenye mashavu na taya, ngumu kama mbegu, zinauma hata ukilaza shavu kwenye muto. Wamama wakakuambia, "Olewa tu, zitaisha zenyewe." Ukapaka ndimu. Ukapaka dawa ya meno. Ukapaka pomadi ya soko ile ya kutakatisha, ikakuunguza, ukabaki na rangi mbili kama paka wa misheni. Na kule Kongolo shule ilikuwa inakungoja ufundishe, masomo yakianza tena. Ukasema huendi. Nilikusikia ukimuambia mama yako, "Watoto hawatasoma ubao, mama. Watasoma uso wangu." Mimi nilikuwa nje nakula muhogo, nikauweka chini, nikaingia kusema kesho tunakwenda hospitali.

Kwetu mutoto wa dada njo mutoto wa mujomba, na mujomba njo anayesema mbele. Ndiyo maana kwa munganga niliingia wa kwanza, kifua wazi, kama muntu aliyempiga mamba kofi kule mutoni Lukuga. (Mama yako atasema lilikuwa gogo. Hakuwapo.) Munganga akauliza zilianza lini, nikajibu. Akauliza kama zinauma, nikajibu. Akaweka kalamu chini.

"Papa, uso ni wako ao ni wake?"

Ulicheka mpaka kitenge kikateleza, na munganga akapata kuona. Kisha akaniomba nitoke kidogo, akuulize kama una mimba, maana dawa zile hazipatani na mimba. Niliporudi alikuwa amekwisha kuandika ordonansi, karatasi ya dawa: vidonge vya kumeza na maji mengi, na pomadi ya kupaka usiku, kidogo sana. Zile za soko, tupa. Akasema, "Mwanzoni uso unaweza kuchubuka na kuonekana mubaya zaidi. Usiache. Hii ni kazi ya miezi. Na jua kali ulikimbie, dawa hizi zinafanya ngozi iungue upesi."

Pale njo tuliangaliana. Nyumba yenu ilikuwa inakula kwa ndagala, visamaki vya ziwa hili, na ndagala zinaanikwa kwenye muchanga, juani, na wewe njo ulikuwa unazianika, maana magoti ya mama yako yalikuwa yamekwisha kuchoka. Ukikimbia jua, mutakula nini? Niliona kabisa unataka kurudisha ile karatasi.

Nikasema, "Nitaanika mimi."

Riziki, tangu ziwa hili limwagwe, mwanaume anavua, mwanamuke anaanika. Siku niliyoshuka kwenye muchanga na beseni kichwani, wale wamama waliacha kazi. Mama Feza, mukubwa wao, alinitazama nikimwaga lundo langu.

"Ee Papa, unaanika ao unazika?"

"Ninaanika kwa mutindo wa watu wa Mpala," nikasema.

"Mpala wanakula mbichi?"

Wakacheka mpaka wavuvi wakasikia. Lakini nilijifunza. Kutawanya moja moja, kugeuza, kufukuza kuku, kukusanya mbio wingu likionekana. Leo hakuna mwanaume kutoka hapa mpaka Moba anayeanika ndagala kunizidi. Ni kweli kwamba hakuna mwingine anayeanika, lakini hilo si kosa langu.

Kisha uso wako ukachubuka, ukawa mwekundu, kama munganga alivyosema. Majirani wakasema kuna muntu amekutumia vile vitu vya uchawi. Nikakukuta kwenye mawe, umeshika pomadi, unataka kuitupa ziwani. Nikavua kofia nikakuonyesha kichwa changu kilivyoungua.

"Tupa," nikakuambia. "Lakini hii ngozi yangu nani atanirudishia?"

Ulilia, halafu ukacheka, halafu ukarudi nyumbani na pomadi yako. Tukarudi kwa munganga, akasema, "Endeleeni." Mimi pia, aliniambia mimi pia! Na polepole, mwanangu, zile ngumu zikalainika, mpya zikaanza kukosa nafasi. Munganga akasimamisha vidonge, ukabaki na pomadi tu.

Karibu na kwenda kwako ulishuka kwenye muchanga jioni, jua limepoa, bila kitenge. Madoa yalibaki machache, yapo hata sasa, najua. Wamama wote wakageuka. Miaka yote hiyo hawakuwahi kukuona vizuri. Mama Feza akakushika kidevu, akakugeuza huku na huku, akaniangalia mimi, akakuangalia wewe.

"Kumbe! Uso wa mujomba wake, kabisa!"

Mimi nimejisifu tangu nilipoota meno, unajua. Siku ile nilisifiwa na mwingine, tena mbele ya watu. Niliinama nikageuza ndagala zilizokwisha kukauka.

Fundisha vizuri, mwanangu. Simama katikati ya darasa, kwenye mwanga, wakuone.

Mujomba wako, ndugu ya mama yako,
Kalemie