Kambale Wanahama Delmont

Delmont, Iowa
6 Juni 2011

Mwanangu Wilkin,

Mungu akubariki. Umeona? Sijasahau desturi ya kwenu: mwana aombe baraka, mama ampe, ndipo barua ianze. Yokasta hajambo, na wale mabinti? Mimi mzima, goti tu linaleta kiburi kwenye ngazi, ila nikishafika juu nalisahau.

Kuna maneno mjini na sitaki uyasikie kwa mtu mwingine. Wanataka kuwahamisha Kambale. Ndiyo, timu yetu, besiboli yetu. Bwana Whitcomb, mwenye timu, amepata mji huko Tennessee unaoitwa Castleberry, wamemjengea uwanja mpya wenye taa kali na mabafu na sijui madudu gani. Hapa kwetu bafu la wachezaji ni lile lile uliloliacha: maji ya moto kwa watatu wa kwanza, wengine watetemeke. Lakini Whitcomb ametuahidi jambo moja. Bwana Garrity wa klabu kubwa inayotuletea wachezaji, huyo huyo bosi wenu, atakuja Jumamosi ya tarehe kumi na nane kututazama. Akiridhika, Kambale wanabaki. Asiporidhika, ndiyo basi tena.

Sisi akina mama tunaowalaza wachezaji majumbani tumekaa kikao kanisani. Kila mmoja atajaza safu yake nzima, hata kwa kuburuta watu. Uwanja utafurika, utasikia.

Sikufichi, naogopa. Tangu mume wangu Arne afariki, kile chumba cha juu ndicho kinachoniamsha asubuhi. Kila Aprili naletewa kijana wa watu mwenye njaa, na mpaka Septemba nina kazi duniani. Wa mwaka huu anaitwa Dewitt, anatoka Georgia. Anakula kama wewe, ila yeye ana adabu ya kuacha kipande cha mwisho. Kambale wakiondoka nitampikia nani? Paka?

Mama yako wa Delmont,
Verna


Florida
12 Juni

Baraka, Mama,

Natumaini goti limetulia na paka bado hajapewa sahani yangu. Sisi wazima. Yokasta anakusalimu, mabinti wameota meno na midomo. Hawa vijana ninaowafundisha kupiga mpira wanapiga hewa zaidi, lakini wana moyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Delmont bila Kambale? Mama, mimi nilishuka kwenye basi pale nina miaka kumi na tisa, sijui hata kuomba maji. Ulinikuta kituoni na kibao umeandika jina langu vibaya. Ukanipeleka nyumbani, ukafungua friji, ukaninyooshea mkono: chukua. Kila neno la Kiingereza nililo nalo lilianzia kwenye friji ile. Mpaka leo nikikasirika uwanjani nataja mboga.

Watu wa Delmont nawajua. Jaza uwanja, mwache Garrity ajionee mwenyewe. Mtu hawezi kuketi na nyinyi jioni nzima akaenda kusema muondolewe timu.

Asante kwa kunieleza mapema. Asante kwa yote, nayasema tena.

Mwanao,
Wilkin


Delmont
20 Juni

Mungu akubariki, mwanangu. Mko salama? Sisi tuko salama, na hiyo ndiyo habari njema pekee.

Kaa chini kwanza. Tumejiharibia wenyewe.

Uwanja ulijaa pomoni. Watu walikaa hadi kwenye nyasi nyuma ya uzio. Garrity tukamweka kiti kizuri nyuma ya mpigaji, na Lucille Brandvold, jirani yangu yule wa sauti, akamlisha pai mpaka mtu akafungua kifungo cha suruali. Anacheka, anaandika, anatikisa kichwa. Nikasema moyoni, tumempata.

Raundi ya nne upepo ukageuka. Naangalia magharibi: wingu jeusi, limebeba maji. Na wewe unaijua Juni ya hapa. Jua lilikuwa limewaka wiki nzima, kila mkulima amekata majani ya ng'ombe, yako chini shambani yanakauka. Yakinyeshewa ni kuoza, na ng'ombe hawali hotuba wakati wa baridi.

Orrin Haugen alikuwa safu ya mbele, kofia ya Kambale kichwani. Akainua macho, akamwambia mkewe, "Samahani, Inga," akainuka. Basi! Orrin akiinuka, nani atabaki kakaa? Raundi ya tano malori yanasukumana langoni. Mpiga kinanda wa uwanja kaondoka katikati ya wimbo. Lucille ananishika mkono, "Verna, usithubutu!" Nami nikakaa, jamani, nilikaa kweli. Kisha Orrin akarudi mbio kwenye ngazi, anahema: "Verna, dereva wangu kavunjika mkono. Nani ataniendeshea lori?"

Nikainuka. Usicheke.

Tulifunga robota la mwisho la majani tone la kwanza likidondoka. Tukashangilia shambani kama tumetwaa kombe, tunakumbatiana, vumbi mpaka puani. Halafu tukaachiana. Kila mtu alikuwa amemkumbuka Garrity wakati mmoja. Tulimwacha na Lucille na viti vitupu.

Kambale walishinda, nasikia.

Mama yako,
Verna


Florida
29 Juni

Baraka, Mama. Habari ya mikono baada ya lori lile?

Umesema nisicheke. Nimecheka mpaka Yokasta akaja kuona kama nimepatwa na kitu, nami nikamsomea, tukacheka wote, kisha nikalia kidogo.

Unakumbuka Juni yangu ya kwanza? Siku ya mapumziko, Orrin anagonga mlango, ananinyooshea kidole mimi, halafu mbingu, halafu mimi tena. Nilidhani ni mazoezi ya klabu! Nikapandishwa lorini, nikabeba marobota mpaka ngozi ya viganja ikatoka, na kesho yake siwezi kushika gongo. Kocha alinitukana kwa lugha zote mbili, yake na yangu. Lakini jioni ile Inga alinipakulia chakula kabla ya wanawe, na Orrin akanipiga bega akasema kitu, wote wakacheka, nami nikacheka bila kujua ni nini. Baada ya siku ile sikulia tena usiku. Sikuwahi kukwambia kwamba nilikuwa nalia.

Garrity haelewi alichokiona. Anadhani watu wamechoka na mchezo. Ofisi yake iko hapa hapa. Wiki ijayo nitaingia, nimweleze majani ni nini, hata akinifukuza kazi. Nina deni la shukrani kwa mji ule, na hili ndilo ninaloweza.

Ombea ulimi wangu.

Mwanao,
Wilkin


Delmont
30 Julai

Mungu akubariki, mwanangu. U mzima wewe? Yokasta? Mwezi mzima umepita bila barua, si kawaida yako.

Kama ulikuwa unaogopa kuniambia, nimeshajua. Whitcomb alitangaza Jumanne: msimu ukiisha, Kambale wanaenda Castleberry. Alisema hata tungejaza uwanja mpaka mwisho, zile taa na mabafu yangetutoa tu. Sijui kama ni kweli au anatuhurumia. Orrin haji mjini siku hizi, anaona aibu. Nimemwambia aache upuuzi, alipoita mimi ndiye niliyeendesha.

Huna la kujilaumu. Ulijaribu, na ninashukuru. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako,
Verna


Delmont
13 Agosti

Wilkin,

Natumaini mko wazima.

Lucille ameniletea gazeti. Limeandika kwamba kocha mkuu mpya wa Kambale, huko Castleberry, anatarajiwa kuwa Wilkin Peralta.

Nimelisoma nikiwa nimesimama, nikaona heri nikae.

Verna


Florida
19 Agosti

Baraka, Mama, kama bado ninayo.

Sikuulizi hali maana najua nimeiharibu mimi. Acha nikueleze yote, kisha useme unavyotaka.

Niliingia kwa Garrity. Nikamweleza majani, mvua, Orrin, friji, kibao kilichokosewa jina. Nilisema sana, Mama, nilipigapiga hata meza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Peralta, timu inaondoka. Hilo limekwisha. Lakini miaka natafuta mtu atakayewapenda hawa vijana namna hiyo. Wachukue wewe."

Yaani nilikwenda kuizuia timu isiondoke, nikatoka nimepewa mimi niiondoe.

Kazi hii nimeiota tangu goti langu lilipovunja ndoto ya kucheza. Yokasta alipiga vigelegele jikoni. Na mimi kila nikishika kalamu kukuandikia naiona meza yako, nashindwa. Nilinyamaza muda wote huu kwa woga, si kwa kiburi. Nisamehe.

Sijasaini. Garrity ananisubiri hadi mwanzo wa Septemba. Ukisema nisiende, siendi, na sitakulaumu kamwe. Ningekuwa nani bila wewe?

Mwanao, ukikubali,
Wilkin


Delmont
27 Agosti

Mungu akubariki, mwanangu. Neno hilo nimeliweka juu kabisa ili usisome barua yote unatetemeka. Mimi mzima. Wasalimie wote.

Sitadanganya, nilikasirika. Siku nzima. Nilisugua oveni mpaka chuma kikaonekana, na kila doa nililipa jina lako. Ningekuandikia siku ile ungeichoma barua.

Kesho yake alfajiri Dewitt akashuka ngazi mbio, miguu mitupu, simu mkononi: "Mama Verna, wamenipandisha! Naenda daraja la juu! Basi ni saa nne!" Tukarukaruka jikoni kama vichaa, mimi na goti langu. Nikamkaangia kuku wa njiani, nikamkunjia mashati, nikampeleka kituoni, nikapiga honi mpaka basi likapotea. Kama nilivyokufanyia wewe, kama ninavyomfanyia kila anayepandishwa. Kisha nikakaa ndani ya gari nikalia, kama kawaida.

Pale pale kituoni ndipo iliponijia. Wilkin, mimi miaka yote hii nimewaombea nini nyinyi? Kila usiku, kwa jina, nimewaombea muondoke. Hakuna hata mmoja niliyemwombea abaki. Aliyebaki Delmont ndiye aliyeshindwa, na huyo nilimlilia zaidi. Leo wewe umepandishwa, halafu nikufungie mlango? Ningekuwa mama wa namna gani?

Nitalia Aprili, usidhani sitalia. Nyumba itakuwa kubwa mno. Lakini nimepewa vijana karibu ishirini ambao sikuwazaa, na mmoja wao anaogopa kuchukua kazi ya ndoto yake mpaka mimi niseme ndiyo. Mabibi wangapi wa umri wangu wana bahati hiyo? Nashukuru, mwanangu. Nashukuru kwa kila sahani uliyoifuta.

Sasa nisikilize vizuri. Castleberry wana taa na mabafu, sawa, lakini watakuletea vijana waliotoka makwao jana, na hakuna anayejua wanalia usiku. Ukifika, kabla hujafungua hata begi, nenda kanisani kwao Jumapili. Simama mbele, vua kofia, waambie unatafuta akina mama. Usiwaombe vyumba, waombe akina mama. Utawatambua: ni wale watakaokuuliza vijana wanakula nini.

Haya, saini huo mkataba. Nina kazi.

Mama yako,
Verna