Mwalimu wa Stoo ya Kanisa

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu asubuhi ile ulipotangulia darasani kufagia, usirudi tena kwetu.

Shule ilipogeuzwa kambi ya wanajeshi, uliomba stoo ya kanisa. Ulitoa viti vibovu, ukaponda unga wa betri kuukuu, ukapaka ukuta mmoja ukawa ubao. Risasi zikilia jirani, wanafunzi walilala kifudifudi, zikitulia uliuliza, "Tuliishia wapi?" Kila kipindi ulikianza kwa sala fupi. Ulisema Mungu naye siku hizi ana kazi nyingi, tusimchoshe.

Baba alikusihi uache. "Masomo yatangoja, mama watoto. Roho haina spea."

"Vita havina likizo," ukamjibu. "Tukingoja viishe, hawa watazeeka darasa la saba."

Hakukubishia tena. Kesho yake alikwenda kukutengenezea bawaba za mlango.

Kisha wakaja wenye silaha, wakawachukua wavulana wawili katikati ya somo la hesabu. Uliwafuata kwa miguu hadi ngome yao ng'ambo ya daraja, ukakaa getini na Biblia mapajani. Walikutukana, wakakumwagia maji machafu. Hukunyanyuka. Siku ya pili wakamtoa mmoja, mguu umevunjika. Mwenzake hakutoka.

Uliporudi, Bibi alikuuliza kama bado una imani. "Leo sijui, mama," ukasema. "Lakini kesho nitafundisha." Ukaenda, ukafundisha.

Bomu liliipata stoo wanafunzi wakiwa bado njiani. Baba alikutambua kwa viatu. Tulikuzika harakaharaka, watu wachache, kwa kuwa barabara ya makaburini ilikuwa inapigwa. Hata kukulilia hatukupata nafasi.

Hatutakudanganya kwamba tumepona. Baba akianza kukutaja hukatiza sentensi, akatoka nje. Bibi bado anasali, ila hatumsikii tena akiimba. Familia nyingi zimekimbia, na vita vipo palepale.

Kifungua mimba wako sasa anafundisha sebuleni kwetu. Siku ya kwanza walikuja watoto watatu. Mmoja aliletwa na mama wa yule kijana asiyerudi, amemshika mkono binti pekee aliyebaki naye. Tulimwambia ukweli: hapa hatuwezi kumwahidi usalama.

"Najua," akasema. "Mwalimu alikaa getini kwa ajili ya mwanangu. Mimi niliyemzaa nilijifungia ndani kwa woga. Mpeni huyu mahali pa kukaa."

Tukasogea, tukampa.

Unakumbukwa na mumeo mpenzi. Mama yako mzazi. Wanao, kifungua mimba na wadogo zake mapacha. Dada zako na wakwe zako. Pamoja na wanafunzi wako, popote walipokimbilia.

Pumzika, Mwalimu wetu. Hutatutoka moyoni kamwe.